Mama Yangu Hakuitwa Sitaji

Nilikuwa napepeta mchele uani kwangu hapa Kibaoni, mkwe wangu akaingia ameinyoosha simu mbele kama aliyebeba kaa la moto. Mkwe huyu ni mke wa mwanangu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye akili kwa kila jambo isipokuwa kupika maharage. Siku hiyo hakunisalimia. Nikajua ama kuna msiba ama kuna upuuzi.

"Mama, weka ungo chini."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kuna hifadhi ya sauti za zamani mtandaoni, wameweka ya mashamba yenu. Sikiliza."

Akabonyeza. Kwanza mkwaruzo, kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Halafu sauti ya kijana wa kiume, Kiswahili cha mjini: "Jina lako, mama. Jina lako mwenyewe, si la mtoto." Pakawa kimya. Jogoo akawika, jogoo aliyeliwa kabla mkwe wangu hajazaliwa. Kisha mwanamke akasema, "Sitaji." Akavuta pumzi, akaanza kuita, "Heeee," na simu ikakata.

Ungo ulinitoka mikononi na kuku wakapata sikukuu. Ile sauti niliijua hata kabla sikio halijamaliza kazi yake. Alikuwa mama yangu mzazi, tuliyemzika mimi nikiwa na miaka tisa.

"Rudisha."

Akarudisha. Jogoo, kimya, "Sitaji", "Heeee".

"Sasa peleka mbele, aimbe."

"Haiendi, mama. Wameifunga."

Akanionyesha kufuli, kadogo kama kunguni, na maneno chini yake akanisomea. Kusikiliza rekodi yote, omba kibali. Haki zote zimehifadhiwa. Mwimbaji: Sitaji. Warithi: hawajulikani.

Hawajulikani! Mimi niliyezaa watoto saba na kupata wajukuu ishirini na mmoja, wawili wana digrii na mmoja ni mtawa, sijulikani. Teremka stendi ya Ifakara uulize bibi mwenye mdomo wa Kibaoni, hata dereva wa bajaji aliyefika jana atakuleta mpaka mlangoni. Lakini watu wenye mashine za kukusanya dunia nzima hawakuniona.

Na mama yangu hakuitwa Sitaji. Hilo si jina la mtu. Asiyejua hili akae chini afundishwe, kwa sababu wenye digrii walilipita wakienda.

Mama alipobatizwa alipewa jina la mtakatifu fulani, jina zuri tu. Alipoolewa akakuta mama mkwe wake naye amebatizwa kwa jina lile lile. Kwetu mwanamke hamtaji mkwe wake. Kumtaja mkwe ni kumvua nguo barabarani. Kwa hiyo mama, tangu aingie kwenye ule ukoo, hakulitamka jina lake mwenyewe hata mara moja, maana lilikuwa limekaa kwenye kinywa kimoja na la mkwe. Kanisani padri alilitaja yeye, mama akaitika tu. Majirani walimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na maisha yalikwenda bila shida.

Kisha akaja mzungu na kinasa sauti. Mimi namkumbuka kwa miguu yake, ilikuwa myekundu kama kamba aliyechemshwa. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, nasi tulikuwa tumehamia shamba kama kila mwaka, tunaishi kwenye dungu, kile kibanda cha miti kinachosimama juu ya nguzo katikati ya mpunga ili mtu aone ndege wanakotokea. Kuanzia alfajiri hadi jua linapozama kazi ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kwelea wakishuka hawabakizi kitu. Mzungu alikuja na mkalimani wake, kijana aliyetoka mjini, bado hajaoa. Mtu ambaye hajaoa angejuaje habari za mkwe? Akamuuliza mama jina lake hasa, na mama mkwe wake yupo pale pale chini ya dungu anachambua mboga. Mama akajibu kama mwanamke aliyelelewa: sitaji. Silitaji jina hilo mbele ya mwenyewe. Yule zuzu akaandika: Sitaji.

Na walivyo na heshima kwa maandishi yao, hakuna aliyejiuliza kwa zaidi ya miaka hamsini. Kanda ikasafiri majuu, ikalala kwenye masanduku, ikahamishiwa kwenye kompyuta, ikarudi kwa njia ya mtandao mpaka Kibaoni, na mama yangu akiitwa kitenzi.

Hayo ningeyacheka nikaendelea kupepeta. Nilishindwa kuyacheka kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu anaishi ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Mama alifariki yeye akiwa bado ananyonya, hajaota hata jino. Hana hata picha ya mama, kwa sababu hakuna aliyempiga. Utoto wake wote alikuwa ananiuliza, "Dada, mama alikuwa anaongeaje?" Ningemjibu nini? Nilimwambia alikuwa anaongea kama watu. Sauti huwezi kumsimulia mtu, kama huwezi kumsimulia ladha ya chumvi. Halafu miaka hii miwili masikio yake yameanza kumtoka. La kulia limeshazima. La kushoto, daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba nalo linafuata, hajui ni miezi mingapi, na kifaa cha kuvaa hakitamsaidia.

Nilimpigia simu. Mkwe ndiye aliyemwelewesha, kwa sababu mimi nilikuwa napiga kelele tu, "Njoo! Njoo!" akadhani nakufa. Akavuka daraja kwa bodaboda siku hiyo hiyo na kitenge chake cha msibani.

Alipogundua mimi si maiti alikasirika kidogo. Kisha tukamwekea simu kwenye sikio la kushoto. Alisikiliza ile nusu dakika. Akaomba tena. Akaomba tena. Nilihesabu mpaka mara kumi na moja nikaacha, nikaenda kuangalia wali usiungue. Niliporudi alikuwa bado ameikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Sauti nzito," akasema.

"Ndiyo, nzito."

"Kwa nini haimbi?"

Nikamweleza habari ya kufuli. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyelifunga.

"Basi waambie wafungue, dada. Waambie wewe ni mwanaye. Waambie haraka."

Mdogo wangu ni mpole, hapigi hata mbuzi anayekula mihogo yake. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema "haraka".

Mkwe akaandika barua kwa kompyuta ya shule. Majibu yalipokuja alinisomea polepole, na kila akisoma nilikuwa namwambia rudia, nikidhani anachekesha. Walisema tumewafurahisha sana kwa kuwaandikia. Kisha wakamgawa mama yangu kama kambale sokoni. Wimbo, walisema, ni wa jadi, mali ya jamii. Rekodi ni ya aliyerekodi, ambaye amekwisha kufariki, na wanawe wameikabidhi hifadhi. Sauti ya mwimbaji ina haki zake yenyewe, nazo ni za warithi wake, na kwa kuwa warithi hawajulikani, hifadhi inalinda haki zao kwa kufunga rekodi.

"Soma hapo mwisho tena," nikamwambia.

"Inalinda haki zao kwa kufunga rekodi."

"Zao nani?"

"Zenu, mama."

Yaani wametufungia nje ya nyumba yetu ili wezi wasituibie. Nimeishi na serikali nne na maparoko wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na bado nilikuwa sijasikia ujinga ulionyooka namna hiyo.

Barua ilisema pia kwamba wataalamu wao watafika Ifakara kwa warsha ya wadau. Nikauliza wadau ni nani. Mkwe akasema ni watu wenye jambo lao. Nikasema basi mimi ni mdau mkubwa, nitaoga.

Ukumbi ulikuwa umejaa viti vya plastiki na chupa za maji, na ukutani pameangikwa kitambaa chenye picha ya mtungi. Sijui kwa nini kila wanapotaka kusema utamaduni wanachora mtungi. Mtaalamu alikuwa kijana mzuri, amevaa koti zito kwenye joto letu, anatiririka jasho kama anayekiri makosa. Aliongea saa nzima. Urithi wa kidijiti. Upatikanaji. Wamiliki wa haki. Kila sentensi ilikuwa na kofia na viatu lakini ndani hamna mtu. Wazee wenzangu waliochukuliwa kutoka Mang'ula walikuwa wanasinzia kwa adabu. Alipoomba maswali nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa, au umekuja kuniuzia mama yangu?"

Ukumbi ukaamka. Kijana akacheka naye, na hapo nikampenda kidogo, lakini kidogo tu. Nikamweleza yote: kanda, mkwe, jina, mdogo wangu na sikio lake. Alisikiliza vizuri. Kisha akasafisha koo.

"Bibi, tunakuelewa sana. Ila kwanza tutofautishe. Wimbo wenyewe ni wa asili. Nyimbo za asili hazina mwenyewe, ni za jamii nzima."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo, bibi. Kisheria."

"Wewe umewahi kulala dungu?"

"Hapana, bibi."

"Basi kaa nikusimulie, koti utalivua mwenyewe."

Nikamsimulia, na ninaandika hapa kama nilivyosema. Kwenye ile mbuga kulikuwa na madungu kumi na zaidi, moja huku, jingine kule, na kila mwanamke alikuwa na wito wake. Hukuwa na saa wala simu. Ukisikia wito wa mashariki unajua ni fulani, yuko macho, ndege wametokea kwake na sasa wanakuja kwako. Kila wito ulikuwa na maneno yake, matusi yake kwa ndege, na namna yake ya kukatisha pumzi. Ulitunga wako ukiolewa. Ulikufa nao, ama ulimwachia binti. Mwaka mmoja jirani yetu, mwanamke mvivu aliyekuwa analala mpaka jua limchome unyayo, akaanza kuimba wito wa mama yangu kwenye dungu lake, kwa sababu ulikuwa unawatisha ndege vizuri. Basi watu wakachanganyikiwa. Wakadhani ndege wako kwetu kumbe wako kwake, na mashamba mawili yakaliwa. Mama alishuka dunguni na mchi mkononi. Hakumpiga, alisimama tu mbele ya ngazi ya mwenzake akimwambia, "Teremka unirudishie mdomo wangu." Wazee walikaa. Yule jirani alitoa kuku jike, akaomba radhi mbele ya watu, na akaambiwa atunge wake. Akatunga. Ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa wake.

"Sasa wewe," nikamwambia yule kijana, "unaniambia wimbo hauna mwenyewe. Tulikuwa na sheria hiyo kabla baba yako hajanunua suruali. Ninyi mmeikuta kuku amelipwa na kesi imekwisha, mmekuja kuanzisha upya."

Watu walipiga makofi. Wale wa Mang'ula waliamka kabisa. Mwanamke mmoja mwenye daftari, aliyefuatana na yule kijana, alikuwa anaandika mbio mbio, nikamwambia, "Na hayo nayo usije ukayafungia," akaacha kalamu hewani.

Lakini makofi hayafungui kufuli. Baada ya warsha kijana akatuita pembeni, mimi na mkwe, akafungua kompyuta. Alitaka vielelezo. Nilikuwa nimejiandaa, nina cheti cha ubatizo cha mama kutoka parokiani, nina changu, nina cha mdogo wangu. Akavisoma, akavipanga, akavipanga tena.

"Bibi, tatizo jina la mama hapa si Sitaji."

"Ndiyo. Kwa sababu Sitaji si jina."

"Naelewa. Lakini kwenye mfumo mwimbaji ni Sitaji. Kwa hiyo warithi tunaowatafuta ni warithi wa Sitaji."

"Futa basi, andika la kweli."

"Taarifa za awali haziguswi, bibi. Aliyeandika alikuwepo pale."

"Na mimi nilikuwepo pale!"

"Ulikuwa mtoto, bibi."

"Na yeye alikuwa mjinga. Nani shahidi bora?"

Akajipangusa shingo. Akasema, kwa upole wa daktari anayekuchoma sindano, kwamba kuna njia fupi. Mmoja wetu aende kwa wakili ale kiapo kwamba mama yetu alijulikana pia kwa jina la Sitaji. Kiapo kikigongwa muhuri, mfumo utawatambua warithi, na rekodi itafunguliwa. Wiki chache tu.

Nilimwambia mkwe tuondoke kabla sijamwaga maji ya watu.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini katekisimu niliimaliza. Kiapo cha uongo nakijua kilipo. Na hata kama Mungu angenisamehe, kwa nini mama yangu aingie kwenye vitabu vya dunia kwa kosa la mkalimani, na mimi ndiye niweke dole gumba kulithibitisha? Mwanamke aliyelinda jina la mkwe wake mpaka kaburini, watoto wake wakubali kwamba hakuwa na lake? Niliwaambia hapana. Wao ndio waliokosea, wao ndio warekebishe. Mimi nasubiri. Najua kusubiri.

Mdogo wangu akaja tena, safari hii bila kuitwa. Nilikuwa nazungumza naye kwa kupaza sauti kwa ajili ya sikio lake, na baada ya muda sikio likawa kisingizio tu.

"Sitaapa!" nikamwambia. "Wanatudharau!"

"Wakudharau, dada. Wewe una nguvu ya kudharauliwa."

"Ni uongo!"

"Ni uongo upi? Mama alisema nini kwenye simu?"

"Alisema sitaji!"

"Mimi hilo ndilo neno alilonipa. Sina jingine. Wewe ulimsikia miaka tisa, alikuita, alikutukana, alikuambia ulete maji. Unalo ghala. Mimi nina punje moja, na unaniambia nisiile kwa sababu imeandikwa vibaya."

Nikamwambia anaongea kama mtu aliyekosa malezi. Maneno hayo nilimwambia yeye, aliyekosa malezi kwa sababu mama alikufa, na niliyemlea ni mimi. Alijifunga kitenge, akamwambia mkwe wangu, "Twende, mwanangu," na mkwe, ambaye mimi ndiye ninayeishi naye, mimi ndiye niliyemwuguza kwa uzazi wote wa watoto wake, akachukua pochi yake akamfuata. Nilibaki na wali wa watu watatu.

Waliporudi kidole cha mdogo wangu kilikuwa cha bluu. Ameapa. Hakuona haya hata kidogo. Mkwe ananiambia kwamba wakili alipomwuliza, "Mama yako aliitwa Sitaji?" alijibu, "Mimi sijamjua kwa jina lingine," na hapo, nakiri, hakusema uongo.

Lakini ilibaki karatasi ya pili, ile ya ruhusa, na hiyo ilikuwa na vyumba vitatu vya kutia alama. Mdogo wangu hajui kusoma, mkwe akamsomea. Cha kwanza: mtu yeyote atumie kwa lolote, hata biashara. Cha pili: watu wote wasikilize, lakini asichukue mtu. Cha tatu: ukoo peke yake. Mdogo wangu akanigeukia. Tulikuwa hatujasemezana tangu asubuhi, lakini mimi ndiye mkubwa.

"Dada, kipi?"

Nilitaka kumwambia amuulize wakili wake. Lakini hilo swali lilikuwa na jibu, na jibu nililijua mimi tu. Wito wa dungu haukuwa siri. Kila apitaye njia aliusikia, hata wavuvi mtoni waliusikia, na hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuupandisha kwenye dungu lako.

"Cha pili," nikasema. "Wasikie. Asiuchukue mtu. Na akiuchukua, aandike pale chini, kuku."

Mkwe akasema nafasi ya kuandika kuku haipo. Nilijua. Kwenye karatasi zao nafasi ya jambo la maana haipo kamwe.

Wiki chache zilikuwa wiki kumi na tatu. Wenzetu wale wakisema "chache" wanahesabu kwa kalenda ya kobe. Wiki hizo mdogo wangu alihamia kwangu ili awe karibu na simu ya mkwe, na nilimwona akizima kidogo kidogo. Kwanza alipoteza kengele ya kanisa. Halafu alipoteza kuku. Nikawa namwita akiwa hatua mbili, hageuki, mpaka nimguse bega. Mkwe alikuwa anaandika kule kila Jumatatu, na kila Jumatatu wanajibu kwamba ombi liko kwenye hatua. Nilimwambia awaandikie kwamba hata jeneza lina hatua. Hakuandika hivyo, ana aibu ya kisomi.

Siku kufuli lilipofunguka ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mkwe alitoka mbio kutoka shuleni na chaki mikononi. Akamvalisha mdogo wangu kile kisikilizio cha kutia sikioni, cha kushoto tu, akakiongeza mpaka mwisho. Kikawa kinasikika mpaka kwetu tuliokaa jirani, kwa hiyo sote tulisikia.

Kijana wa mjini. Kimya. Jogoo. "Sitaji." Kisha "Heeee," na safari hii haikukata.

Nitasema ukweli. Mama hakuwa na sauti nzuri. Ilikuwa imekwaruza, ya mtu anayepiga ukelele tangu alfajiri, na ilikuwa inapanda pasipotakiwa. Ndege hawakuwa wanakuja kusikiliza kwaya. Aliwatukana kwelea mpaka mama zao, akawaambia waende kwa jirani ambako mpunga ni mtamu na mwenye shamba amelala. Nikacheka peke yangu, maana jirani nilimjua. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, mkono umebana sikio kana kwamba wimbo ungemwagika.

Halafu katikati, mtoto akalia. Kilio kile sikukikumbuka. Jina lilipokwisha kuandikwa mimi nilitumwa mwisho wa shamba na kombeo. Mtoto alilia kwa nguvu, karibu kabisa na kinasa sauti, na mama akakatisha wito, akasema kwa hasira, wazi kabisa, "Nyamaza wewe, huoni nina kazi?" Akamtikisa, ukasikia shanga zikigongana. Mtoto akanyamaza. Mama akarudi kwa ndege.

Mdogo wangu alifumbua macho.

"Yule nani?"

Nikahesabu. Mwaka ule, msimu ule, mgongoni kwa mama. Hakukuwa na mtoto mwingine pale. Nikamnyooshea kidole kifuani.

"Mimi?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Amenigombeza," akasema. Alisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe. "Dada, amenigombeza!" Uso wake siwezi kuuandika. Alitaka arudishiwe pale, mkwe akarudisha, nyamaza wewe, akarudisha, nyamaza wewe, mpaka majirani wakachungulia uani kuona nani anaambiwa anyamaze. Siku nne alisikiliza hivyo. Siku ya tano alisema anasikia kama mtu aliye chini ya maji, na ya sita alimrudishia mkwe kisikilizio, akaukunja waya wake vizuri, akasema ametosheka.

Jioni ile mkwe alikuwa anasoma maelezo yaliyoandikwa chini ya rekodi, yale yaliyokuwa yamefungwa pamoja nayo. Kimo cha sauti, aina ya kanda, mahali. Akasita.

"Nini tena?"

"Wameandika: ubora wa kati, kuna kelele za mtoto."

Nikamwambia afungue ile barua ya Jumatatu.

"Andika," nikasema. "Waambie wafute hilo neno. Waambie hiyo wanayoiita kelele ndiyo mrithi waliyemtaka aape."

Mkwe akaandika. Akainua macho, vidole bado viko juu ya simu.

"Nianze na salamu, mama?"

"Anza na salamu. Sisi tulilelewa."